Boriti Nyeusi za Chumba cha Haboba

Kisenyi,
Kampala, Uganda.
Jumapili, 18 Januari 2026

Mpendwa Shangazi Rukiah,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta hapo Kibera ukiwa mzima, goti lako limepunguza ukaidi, na mzee wako amekubali hatimaye kuvaa miwani aliyonunuliwa. Watoto je? Yule mdogo bado anaficha ndizi chini ya mto? Sisi huku tu wazima. Mimi nina kikohozi kidogo cha vumbi, na utaona sababu yake mbele.

Najua umeshasikia habari za nyumba kwa simu. Lakini kwa simu kila mtu amekueleza kipande chake, na nimeambiwa kuna aliyekwambia kwamba nyumba yote imelala chini. Haijalala. Nimeona niandike, maana kuandika ndiko ninakoweza. Kwenye simu huwa nasema "ndiyo Shangazi, ndiyo Shangazi", kisha nakata na yote niliyotaka kusema yamebaki shingoni.

Ilianza na mvua za Aprili mwaka jana. Unakumbuka zile mbao laini alizozipigilia marehemu Babu chini ya boriti za sebule, ili chumba kionekane cha kisasa? Zilinyonya maji siku kadhaa, kisha asubuhi moja zikashuka zote pamoja juu ya makochi. Hakuna aliyeumia. Haboba, mama yako, alikuwa jikoni, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba sasa angalau makochi yale yatatupwa. Lakini tulipotazama juu tukaona kilichokuwa kimefichwa miaka yote hiyo. Mchwa walikuwa wamejijengea mji wao kwenye boriti za sebule, na vijia vya udongo vimepanda ukutani kama mishipa ya mkono wa mzee.

Kaka yako mkubwa, Baba Mkubwa Siraje, alikuja na gari siku hiyo hiyo akamchukua Haboba kwenda kukaa kwake Bombo. Alifanya vizuri. Huwezi kumwacha mama wa miaka themanini na mitatu chini ya paa lililoegemezwa kwa magogo. Ila kabla ya kuondoka aliita kikao, akasema mbele ya wote kwamba nyumba itatazamwa na injinia, na boriti za chumba cha Haboba zikionekana mbovu kama za sebule, basi nyumba ifungwe na Haboba abaki Bombo moja kwa moja. Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha pale pale. Nilibisha baadaye, kichwani, wiki nzima.

Sitaki ufikirie kwamba Bombo alitendewa vibaya. Mke wa Baba Mkubwa alimpikia kila alichopenda. Lakini kila nilipokwenda kumtembelea nilimkuta amekaa akitazama geti, mkoba wake mapajani, kama mtu aliyefika ofisi ya watu na anangoja jina lake liitwe. Alikuwa akiniuliza, "Nyumba imepata nafuu?" kama anavyouliza mtu hali ya mgonjwa. Nguo zake zilianza kumpwaya. Nilipomwona mara ya tatu niliamua kwamba boriti zile zitapona, hata kama nitazishikilia kwa mikono yangu.

Sasa, tangu nyumba iingizwe kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, huruhusiwi kubadilisha hata bawaba ya mlango bila kibali. Mimi nilifurahi siku walipokuja kugonga kile kibao ukutani. Baba Mkubwa hakufurahi. "Yaani nyumba ni yetu," alisema, "lakini boriti ni za serikali?" Alitaka tuweke vyuma na dari ya plastiki, kazi iishe. Ofisi ya majengo hayo ikasema hapana: mbao inayoweza kuponywa iponywe, isiyoweza ndiyo itolewe, na mbao mpya iwe ya mti ule ule. Yaani mvule. Baba Mkubwa akanitazama mimi, kana kwamba mvule niliuagiza mimi.

Injinia aliitwa Ongom, mtu mrefu asiyehitaji ngazi sana. Fundi seremala ni Emile, mtu wa Bukavu, ambaye mkewe Emérence anauza vitenge karibu na soko. Shangazi, ungewasikia hawa wawili siku ya kwanza ungesahau goti. Kwenye sebule walikubaliana haraka: boriti mbili hazifai kitu, zitolewe. Ubishi ulianza kwenye chumba cha Haboba. Unajua boriti za mle hazikufunikwa kamwe, ziko wazi, na ni nyeusi tii. Ongom alitazama juu akatikisa kichwa.

"Hii imeungua, nyabo," aliniambia. "Hii si mbao tena. Hii ni makaa."

Emile alikuwa ameshapanda. Aligonga boriti kwa mpini wa nyundo, ikatoa sauti safi. "Mukubwa," akasema, "makaa ya kwenu inalia namna hii?"

"Inalia, lakini mbona imelala?" Ongom akajibu. "Angalia ule upande wa ukuta. Gonga pale."

Emile akagonga pale, na pale haikulia. Ongom akapanda na bisibisi yake, akaichomeka pale boriti inapoingia ukutani, na bisibisi ikazama yote kama imechomwa kwenye parachichi. Maji ya miaka yalikuwa yakipita ukutani na kuozesha ncha. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na nusu ya haki yake, na baada ya hapo wakawa marafiki, wakawa wanaagiza rolex kubwa moja, chapati iliyoviringwa na mayai, na kuikata katikati kwa msumeno mdogo wa Emile. Nilikataa kula.

Lakini Ongom alibaki na swali lake: moto uliounguza chumba hiki ulitokea lini? Jirani zetu wawili waliokuwa wamesimama mlangoni walishikana mabega wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Ikabidi mimi, msichana ambaye hajaolewa, nimweleze injinia huku nikitazama viatu vyangu kwamba hapakuwa na moto wowote wa ajali. Moto ule ni wa dukhan. Kila bi harusi wa nyumba hii amekalishwa juu ya kile kishimo cha sakafuni, amefunikwa blanketi, vijiti vya mgunga vikifuka chini yake mpaka ngozi yake ing'ae na inukie, na moshi wote ukapanda kwenye boriti zile. Miaka sabini ya maharusi.

Emile alikunja mikono akazitazama upya. "Sasa nimeelewa sababu mududu hajakula," alisema. "Alichoka kukohoa." Ongom anaamini ni ukavu wa ule moto na si moshi wenyewe. Wabishane wao. Lililo wazi ni kwamba sebule ya wanaume, iliyofunikwa ionekane nadhifu, ililiwa na mchwa, na chumba cha wanawake kimesalia.

Kazi ilichukua miezi. Baba Mdogo Zubairi alileta kutoka gereji yake jeki zile za malori, na tukaliinua paa kwa unene wa kidole tu, taratibu, kila mtu ameshika pumzi. Emile alikata ncha zilizooza kwa mshazari, akachonga vipande vipya vya mvule kwa mshazari ule ule, akavilaza juu ya zile za zamani mpaka usingeingiza wembe katikati, kisha akavifunga kwa bolti. Mvule tuliupata kwenye ghala la zamani lililokuwa likibomolewa nyuma ya maduka ya Wasomali. Emile alisema ni mti wa umri mmoja na wetu, wataelewana. Siku jeki zilipotolewa nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, ingawa Ongom alinikataza. Nilitaka kama paa litashuka, linikute. Halikushuka. Boriti zilitoa mlio mfupi, kama mtu anayejiweka sawa kitini, zikanyamaza.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, Shangazi, na nakuomba usimkasirikie mdogo wako Zubairi.

Siku niliyokwenda Nakasero kufuatilia kibali cha mwisho, yeye alibaki na funguo. Wewe unajua moyo wake. Hakwenda Bombo mara nyingi kwa sababu hawezi kumwona mama yake akiwa mnyonge, na alitaka kumfanyia kitu. Na unajua kazi yake: maisha yake yote amenyoosha mabati ya gari na kupaka rangi. Akatazama boriti zile zimepona lakini nyeusi kama chungu. Akaita vijana wa gereji, wakaja na mashine za kupigia msasa. Niliporudi jioni niliona wingu jeusi limetoka dirishani, na watu watano weusi mpaka meno. Boriti zilikuwa njano kama maandazi. Tena zinang'aa. Alikuwa amezipulizia vanishi ya gari, mara tatu.

"Unajiona mle juu!" aliniambia kwa furaha. "Sumayiya, jitazame!"

Nilijitazama. Ni kweli nilikuwa nimemwambia kila mtu asiguse kitu bila kibali, lakini hata kwangu mimi masizi yalikuwa masizi. Nilikuwa nimesoma kila karatasi ya ofisi ile, na hakuna mahali palipoandikwa neno masizi. Nikafikiri moyoni, labda ni vizuri. Labda atafurahi. Ni nani asiyefurahia chumba kipya?

Jumamosi wakamleta. Alishuka kwenye gari akiwa amevaa tobe lake la sikukuu. Sebuleni alisimama akasifu kila kitu: dari, sakafu, hata kutokuwapo kwa makochi. Akamwambia Emile Mungu ampe nyumba kwao Bukavu. Kisha akafika kwenye mlango wa chumba chake, akasita, akanusa.

"Zubairi," akasema.

"Naam, Mama."

"Umenipakia chumba rangi ya gari. Namba yake ya nyuma umebandika wapi?"

Tulicheka wote, na Baba Mdogo akacheka kuliko wote. Lakini Haboba alikuwa ameinua uso, na hakuwa anacheka. Alitazama boriti ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole, kama mtu anayetafuta wenzake kwenye umati. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Wanangu mmewapeleka wapi?"

Hapo nilielewa, na nadhani Baba Mdogo naye alielewa, kwa sababu alivua kofia yake. Kila mmoja wenu alikalia moshi pale. Wewe, Shangazi. Mama yangu alipoletwa kuolewa na baba. Na marehemu Shangazi Mastura, ambaye baada ya harusi hakufikisha mwaka. Picha yake hatunayo hata moja. Ilipotea familia ilipokimbia vita. Haboba amelala chini ya moshi wa binti yake tangu kabla mimi sijazaliwa, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza anatazama nini akilala.

"Nirudisheni Bombo," alisema. "Chumba ni kizuri. Apewe mgeni."

Baba Mkubwa alikuwa ameshatoa funguo za gari mfukoni. Hakusema "niliwaambia", lazima nimpe haki yake. Baba Mdogo alikuwa amegeukia ukuta. Mimi, Shangazi, nilisimama pale nikiwaza kwa namna ile yangu mbaya ya kuwaza haraka wakati mwili umeganda: miezi yote hii tumeponya mti, tukamfuta mtu.

Aliyesema kitu ni Emile. Alikuwa anatazama juu kwa jicho la fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine. "Papa Zubairi," aliuliza, "wewe ukipaka gari rangi, unapakaka juu ya tenki ya mafuta?"

"Nani anaona juu ya tenki?" Baba Mdogo akajibu ukutani.

"Sawa. Na huku kwa mgongo ya boriti, ulipaka?"

Sikungoja jibu. Nilipanda ngazi na gauni langu la kupokelea wageni. Katikati ya mgongo wa boriti na mbao za juu pana nafasi ya kupitisha mkono tu, na mashine isingeingia hata wangetaka. Niliusukuma mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, nikauburuta. Uliposhuka ulikuwa mweusi wote, kiganja na vidole na kucha, masizi manene yenye mafuta. Nikashuka, nikamwendea Haboba nikamnyoshea mkono.

Aliushika kwa mikono yake miwili. Akanusa. Akanusa tena, sasa akiwa amefumba macho. Kisha akaupitisha mkono wangu shavuni pake, upande mmoja, polepole, na ukaacha mstari mweusi kutoka sikioni mpaka kidevuni, hata juu ya tobe lake la sikukuu.

"Wapo," alisema.

Kisha, Shangazi, mama yako akarudi kuwa mama yako. Aliketi kitandani akaanza kugawa kazi. Vanishi itolewe yote, aitoe Zubairi mwenyewe kwa mkono wake, bila mashine, na asiguse mgongo. Kishimo cha sakafuni kifunguliwe. Nuriat, binti wa Baba Mkubwa, ambaye anaolewa mwezi ujao na alikuwa ameshapanga kufanyiwa dukhan kwenye saluni ya mjini yenye kiyoyozi, aambiwe kwamba saluni haina boriti. Baba Mkubwa akasema taratibu kwamba gari liko tayari na jioni inaingia.

"Basi panda," Haboba akamwambia. "Wewe ndiye unayekaa Bombo."

Ongom, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye kizingiti, kwa sababu ndivyo alivyo, mrefu na mwepesi wa kucheka. Baba Mkubwa alitoka na funguo zake, akaenda kuteremsha godoro la mama yake kwenye gari. Alikuwa amelibeba toka Bombo, Shangazi. Aliliweka nyuma tangu asubuhi na hakumwambia mtu.

Bwana wa ofisi alikuja Jumatano kukagua. Vanishi ilimkasirisha, lakini Baba Mdogo alikuwa tayari amefika nusu, magotini juu ya jukwaa, na vidole vimemchubuka, kwa hiyo hasira ilimwisha. Alitazama mgongo wa boriti kwa tochi, akaniuliza kama masizi yale yaandikwe kuwa uharibifu au pambo. Nilimwambia aandike wakazi. Sijui aliandika nini.

Alhamisi tukamkalisha Nuriat. Alilalamika kwamba macho yanamwasha, kwamba nywele zitanuka, kwamba wenzake wa kazini watamcheka. Kina mama wakampigia ngoma ya dholuka nje ya mlango, wakamzidi sauti. Moshi ulipanda ukafika juu, ukazunguka kama unaotafuta mahali pake, ukakaa. Ulipotawanyika boriti zilikuwa njano vilevile. Nilijisikia huzuni kidogo, nikamwambia Haboba kwamba itachukua miaka. Akanijibu kwamba yeye hana haraka, na kwamba wasichana tunao. Aliposema hivyo alinitazama mimi, na wanawake wote wakanitazama, nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Anakula. Jana alimaliza sahani, akaomba nyingine, akasema ya kwanza ilikuwa ndogo. Anatembea bila fimbo kutoka chumbani mpaka uani, na amegombana na jirani mara mbili, ishara njema.

Sasa ombi langu, na ni lake pia, nimeandika tu kwa mkono wangu. Harusi ilipangwa iwe Ijumaa ya tarehe ishirini mwezi ujao, lakini kwa kuwa Ramadhani itakuwa imeanza, wazee wameisogeza nyuma wiki moja, yaani tarehe kumi na tatu. Haboba anataka uje kabla, usije kama mgeni wa harusi. Anasema mke wa mtu anaruhusiwa moshi wakati wowote, na kwamba goti ndilo litakaloshukuru kwanza. Nilimuuliza nikuandikie maneno gani hasa. Alifikiri, akitazama juu, kisha akanionyesha kwa kidole, upande wa dirisha.

"Mwambie pale ndipo pake. Mastura yuko katikati. Zubairi amewatenganisha. Mwambie aje akae tena karibu na dada yake."

Baba yangu, Abdul-Karim, yuko barabara ya Juba na lori lake lakini anakusalimu kila anapopata mtandao. Mama anakusalimu sana. Baba Mdogo Zubairi anasema usimpigie simu kwanza, ana aibu, lakini salamu anazituma. Emile na Emérence, ambao hujawaona bado, wanasema karibu. Nisalimie mzee wako, na watoto wote kwa majina yao, mmoja mmoja, usiwasalimie kwa jumla. Mungu akupe safari nyepesi na barabara kavu mpaka Busia na kutoka Busia, na akukutanishe na mama yako nyote mkiwa wazima.

Nakungoja kwa mapenzi yote, mimi mtoto wa kaka yako,

Sumayiya